Somo la Sauti kwa Gentille

Bunia, tarehe 8 septemba 2002

Kwa ndugu yangu mudogo Kamate, Butembo,

Pokea salamu zangu weye, bibi yako Jeannine na watoto. Siye huku mtaani Ngezi bado tunapumua, Mungu asifiwe. Nyumba imesimama. Mabati ya jikoni yametobolewa na risasi, mvua ikinyesha tunahamisha sufuria huku na huku, lakini wako waliopoteza zaidi ya mabati.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu phonie, ile radio ya kuitana na watu wa mbali, imenishinda. Nilipanga mstari tangu asubuhi, na zamu yangu ilipofika, watu wote waliokuwa nyuma yangu walikuwa wakisikia kila neno linalotoka kwa radio. Siku hizi si vizuri kila mtu ajue ndugu zako wako wapi. Basi nijibu kwa barua: Gentille alifika? Nilimpandisha mwenyewe kwenye lori pamoja na Viviane, yule jirani yangu muuza maharage, na Viviane aliapa kumfikisha mlangoni pako. Lori lilipokwisha kuondoka tulisikia mabomu upande wa barabara ya Komanda. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kupapasa tu.

Ana miaka tisa na anaingia quatrième primaire, darasa la nne. Asikose shule. Siye walimu tumeambiwa tufungue mwezi huu, nami nimepewa darasa kwenye shule ya mtaa wa Saio. Somo la sayansi mwaka huu ni sauti, mwanga na joto. Nitakuwa nakuandikia kidogokidogo, ili mtoto wangu asome kile wanachosoma wenzake hapa.

Shemeji yako Gaspard alikwenda ziwani kununua samaki kwa njia ya Bogoro, kama kawaida yake, na barabara ikafungwa nyuma yake. Mtoto akiuliza, mwambie papa atarudi barabara ikifunguka.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi umlete kwa phonie. Nataka kusikia sauti yake, hata akitaja jina lake tu.

Dada yako,
Pétronille


Butembo, tarehe 6 octobre 2002

Yaya Pétronille, dada yangu mukubwa,

Barua yako padiri alituletea, tukaisoma siye wote. Jeannine anakusalimia sana, tumbo yake iko kubwa sasa, atazaa mbele ya Noeli. Biashara ya vitenge inaenda polepole, lakini inaenda.

Gentille alifika. Iko hapa, iko anakula, iko analala na batoto yangu mu chumba moja. Viviane alimuleta mpaka mulangoni vile aliapa. Mutoto hasemi mingi. Baridi ya Butembo inamusumbua, asubuhi anatetemeka sana.

Kwa phonie hatukukuja. Samahani, yaya. Iko mbali na kwetu, na mvua ilinyesha siku ile.

Sasa weye ni mwalimu, nieleze kitu moja. Sauti inapitaka wapi mpaka inafika mu kichwa ya mutu? Na kama ile njia imefungwa, kuko njia ingine? Mutoto ndiye anauliza.

Ndugu yako,
Kamate


Bunia, tarehe 3 novemba 2002

Ndugu yangu,

Nawasalimu wote, na Jeannine ajifungue salama. Kuhusu baridi, mweleze Gentille kwamba blanketi haina joto lake. Joto ni la mwili wake mwenyewe. Blanketi inalizuia tu lisitoroke. Kwa hiyo alale karibu na wenzake, joto la mmoja limfae mwingine.

Swali lake limenifurahisha kuliko unavyodhani. Sauti ni mtetemeko. Kitu kikitetemeka kinaisukuma hewa iliyo jirani yake, hewa hiyo inaisukuma nyingine, hivyohivyo mpaka mtetemeko unagonga ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio. Ngozi ikitetemeka, mshipa unapeleka habari kwenye ubongo, ndipo tunasema tumesikia. Lakini hewa si njia pekee. Mbao inapitisha sauti, maji yanapitisha, chuma kinapitisha vizuri kuliko hewa. Aweke sikio juu ya meza, na Jeannine akwaruze kwa ukucha upande wa pili. Tena mtengeneze simu ya makopo mawili na uzi. Uzi uvutwe sana. Ukilegea, sauti inafia njiani.

Somo hilohilo nilifundisha hapa, na sitalisahau. Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori. Niliomba iingizwe darasani, nikaweka punje za mchele juu ya bati karibu yake, ili watoto waone mchele unavyoruka sauti inapopita. Niligonga mara moja. Nilipoinua macho, darasa lote lilikuwa chini ya madawati. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanajua namna ya kulala, mikono juu ya kichwa, kama watu wazima. Mimi nilibaki nimesimama na nyundo yangu.

Msichana mmoja, Scholastique, aliniuliza toka chini: "Madame, imeisha?"

Nikasema: "Imeisha."

"Ni madame ndiye alipiga?"

"Ni mimi."

Wakarudi kukaa, mmoja mmoja, na hakuna aliyetazama mchele. Siku hizi nawaita kwa mkono. Tena wamejigawa wenyewe, hawa upande wa dirisha, wale upande wa mlango, kufuatana na makabila ya wazazi wao, na sikuwaambia mimi.

Kamate, jumamosi ile nilikaa penye phonie mpaka wakazima jenereta. Umlete mwezi huu, nakuomba.

Pétronille


Butembo, tarehe 1 décembre 2002

Yaya,

Jeannine alizaa mutoto musichana, iko muzima, tulimuita Adèle. Furaha iko mingi kwa nyumba.

Somo yako tulifanya yote. Sikio juu ya meza, Gentille hakupenda. Kopo na uzi, batoto yangu walicheka mpaka machozi, lakini yeye aliachilia kopo na akaenda kukaa kwa jiko. Basi nikafikiri juu ya ile maneno yako ya mbao na chuma. Nilimupeleka kwa moulin, mashini ya kusaga mihogo, pale sokoni. Moulin ile inanguruma, ukuta yake ni mbao tupu. Akaweka mikono juu ya ukuta, kisha akaweka kifua na shavu. Yaya, alicheka! Tangu alifika kwetu, hiyo ndiyo kicheko ya kwanza. Nikamufunga macho na mikono yangu, mwenye moulin akazima moteur, na mutoto akalalamika kwa nguvu mbele ya watu wote: "Imezima!" Sasa kila siku ananivuta mukono twende huko.

Kwa phonie, alikuwa na malaria.

Tuandikie juu ya mwanga. Macho inaweza kufanya kazi ya masikio? Mutu anaweza kuona maneno juu ya mudomo ya mwenzake? Mutoto anataka kujua.

Na shemeji Gaspard, alisharudi? Mu barua yako ya mwisho hukumutaja.

Kamate


Bunia, tarehe 12 januari 2003

Kamate,

Salamu kwa Jeannine na kwa Adèle mchanga. Leo sina habari za jirani wala za mabati.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imechoka. Nimefundisha watoto muda mrefu. Mtoto anayesikia, ukimpeleka penye moulin, anaziba masikio. Hashiki ukuta kwa shavu. Na mtoto wa miaka tisa haulizi kama macho yanaweza kufanya kazi ya masikio. Hilo ni swali la mtu mzima mwenye hofu, na mtu mzima huyo ni weye.

Nikujibu kwanza kama mwalimu. Mwanga unakimbia kupita sauti, tena kwa mbali sana. Hapa tunaona mwako juu ya kilima kwanza, ndipo mlio unafuata, na watoto wangu wanahesabu katikati ili wajue vita viko mbali kiasi gani. Mwanga hauhitaji hewa ya kuusukuma. Lakini unakwenda umenyooka, haupindi kona kama sauti. Mama aliye nyuma ya ukuta anaweza kumwita mtoto na mtoto akasikia. Kwa macho, lazima waonane. Anayetaka kusoma midomo asikae penye taa iliyo nyuma ya msemaji, maana uso wake utakuwa kivuli kitupu. Taa iwe upande wa uso. Na msemaji asile, asifunike mdomo, asigeuke.

Sasa weye nijibu kama ndugu yangu. Mtoto wangu anasikia, au hasikii? Usiniandikie malaria.

Pétronille


Butembo, tarehe 9 février 2003

Yaya yangu,

Hasikie.

Siku ile ya lori, mbele ya kufika Komanda, bomu ilianguka kando ya barabara. Watu wa nyuma ya lori walikufa. Viviane na Gentille walikuwa mbele karibu na dereva, hawakupata kidonda. Viviane alisema mutoto alishika masikio, damu kidogo ikatoka, kisha akanyamaza njia yote. Alifika hapa, nikamuita, hakugeuka. Nilifikiri ni kiburi, ao ni huzuni ya kuacha mama. Siku moja nilimukemea kabisa, kwa sababu nilimutuma maji na hakuamuka. Jeannine ndiye aliangusha sufuria nyuma yake, makusudi. Mutoto aliendelea kuchambua maharage.

Munganga wa hospitali ya hapa alimuangalia. Ngozi ya sikio ilipasuka mbili yote, na ile mushipa uliandika, nayo imeharibika. Alisema ngozi inaweza kupona, lakini mushipa hapana.

Utaniuliza sababu gani nilificha. Weye uko peke yako mu vita. Ulimupandisha kwa lori na mikono yako, ili apone. Ningekuambia namna gani?

Kuko mama moja hapa, Dorothée, mutoto wake alizaliwa hasikie. Anafundisha wengine kusema kwa mikono. Gentille anaenda kwake kila siku kisha masomo. Anajua tayari maji, chakula, shule, baba, mama. Hata siye tunajifunza. Adèle naye atajua kusema kwa mikono mbele ya kusema kwa mudomo.

Sasa ni zamu yako, yaya. Barua mbili umeandika bila salamu ya shemeji. Nilikuuliza wazi na hukujibu. Gaspard iko wapi?

Kamate


Bunia, tarehe 29 juni 2003

Ndugu yangu Kamate,

Ningali hai. Nianze na hilo, kwa sababu najua mmenililia. Barua yako nilipewa mwezi wa tatu. Nilikaa nayo, sikuwa na mkono wa kujibu, kisha mwezi wa tano ulikuja na huwezi kutaka nikueleze mwezi wa tano. Ngezi kulichomwa. Nilikimbia na kile nilichovaa. Sasa naishi chini ya hema la plastiki karibu na kiwanja cha ndege, na wanawake wengine. Chini ya plastiki, saa sita mchana, joto linaingia na halitoki. Nimewaeleza wenzangu sababu, na mmoja wao akaniuliza kama kuijua sababu kunapunguza jasho. Tulicheka, nakuambia kweli, tulicheka.

Askari wageni wamefika na mjini kumetulia. Shule haina paa. Scholastique sijamwona tena.

Sikukukasirikia. Nililia, nikakumbuka kwamba nilimpandisha kwenye lori lile kwa mikono yangu, nikalia tena. Kisha nikaona kwamba ulichonifanyia ndicho nilichokufanyia mimi.

Gaspard alikufa mwezi wa nane mwaka jana, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilikuwa sijui bado. Mwezi wa kumi alikuja Isidore, yule aliyekuwa akinunua samaki pamoja naye. Alikaa kitini, akaomba maji, hakuyanywa. Wenye silaha waliwasimamisha njiani upande wa Bogoro, wakawauliza kabila lao. Isidore alikuwa nyuma akifunga mzigo, akajitupa kwenye majani. Gaspard alijibu. Isidore anasema alijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizwa saa. Walipoondoka, Isidore na wakulima wa pale walimzika kando ya shamba la mihogo. Anajua mahali.

Nilikuwa nimeshika kalamu kila mara nikitaka kukuambia, na kila mara niliandika juu ya hewa na mbao na mwanga. Nilijiambia kwamba nikikuandikia weye, Gentille atajua, maana barua zangu unamsomea. Wala hukuwa unamsomea. Hakuwa na masikio ya kusomewa.

Usimwambie. Ni mimi nitamwambia. Wamenipa nafasi kwenye ndege ndogo ya mwezi ujao.

Pétronille


Butembo, tarehe 17 agosti 2003

Kamate,

Natuma barua hii Kampala kwa mkono wa dereva wako. Nimefika nyumbani kwako na weye hupo. Jeannine anasema ulikwenda kununua vitenge siku moja kabla ya ndege yangu, ingawa duka limejaa vitenge. Sikuulizi zaidi.

Wote ni wazima. Adèle ana meno mawili na ananivuta nywele.

Nilipoingia kwenye ua, Gentille alikuwa amenipa mgongo, akisugua sufuria kwa majivu. Nilimwita. Nilijua, Kamate, nilikuwa na barua yako ndani ya nguo, na bado nilimwita kwa jina kama zamani, kisha nikamwita tena kwa nguvu zaidi. Watoto wako walinitazama. Ndipo nikazunguka nikasimama mbele yake. Aliniona miguu kwanza. Amerefuka. Alisema "Mama" kwa sauti kubwa mno, maana hajisikii, na nyumba za jirani zote zilijua kwamba mama yake amefika.

Jioni alikaa karibu yangu. Jua lilikuwa limezama, Jeannine alikuwa hajawasha taa. Akaniuliza, kwa sauti ileile: "Papa iko wapi?" Nilifungua mdomo, nikaona kwamba haoni. Taa ilikuwa pembeni yangu na kiberiti kilikuwa pale. Sikuwasha. Nilimshika tu mkono katika giza, na yeye akangoja, akangoja, mpaka akalala. Mimi niliyekufundisha mahali pa kuweka taa.

Asubuhi nilimtoa nje, kwenye jua kamili. Nilimkalisha mbele yangu. Nilisema: "Papa amekufa."

Akatazama mdomo wangu. "Papa amefanya nini?"

Nikarudia polepole. Mtu anayesikia anaambiwa neno hilo mara moja, kisha unaweza kuangalia pembeni, unaweza kujifunika kitenge. Mimi niliambiwa na Isidore mara moja. Yeye ilibidi nimwambie tena na tena, uso wangu ukiwa wazi, bila kulia, maana mdomo unaolia hausomeki. Hakuwa na uhakika. Akanyoosha mkono, akaweka vidole vyake hapa kwenye koo langu, na macho yake juu ya midomo yangu.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Mtetemeko ule ukaingia kwenye vidole vyake, na hapo nikajua kwamba amesikia.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa mikono, na Dorothée, aliyekuwa amefika kumchukua, ndiye alinitafsiria: tangu lini? Nikasema mwaka jana. Akauliza: weye ulijua? Nilijua. Aliondoka akaenda kukaa na Dorothée, na kwa siku mbili hakunitazama. Weye unajua maana yake, mtoto huyu asipokutazama. Ni kama amekufungia mlango. Watu walikuja matangani, wakakaa kwenye mikeka, wakaimba nyimbo za kanisa, na yeye alikaa kati yao ameinamisha kichwa ndani ya kimya chake.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe. Alishika uso wangu kwa mikono miwili, akaugeuza kwake.

"Usinifiche tena," akasema.

Nimemwahidi.

Tutarudi Bunia shule ikifunguliwa. Nitamkalisha mbele, karibu na ubao, penye dirisha, na Dorothée amekubali kuja nasi miezi ya mwanzo ili anifundishe mikono. Wako watoto wengine kule ambao mabomu yaliwafanya hivyo, na wanakemewa kila siku kwa kiburi. Nitawatafuta.

Lakini kuna jambo moja siwezi kulifanya kwa niaba yako. Jana Gentille aliniambia kwamba masikio yake yatapona, kwamba mujomba Kamate alimwambia yatapona akila vizuri na kumwomba Mungu. Anakula hata asipokuwa na njaa. Kila asubuhi anapiga makofi karibu na sikio lake, anangoja, anapiga tena. Nilitaka kumwambia pale pale, nikajizuia, kwa sababu ahadi ile alipewa na weye, na weye ndiye anapaswa kuirudisha.

Rudi nyumbani, ndugu yangu. Usiogope, hakuchukii. Fika mchana, kaa mbele yake, na umwambie mwenyewe. Siye tunakungoja kabla ya kupanda ndege.

Dada yako akupendaye,
Pétronille